Mahali Alipovuta Pumzi

Mume wangu hakuwa na kitabu cha nyimbo, wala hakukihitaji. Nyimbo zote alikuwa nazo kichwani tangu alipokuwa mwanafunzi wa misheni huko kwetu vijijini. Kanisa letu pale Changamwe lilikuwa la udongo na makuti, na waliojua kusoma ndani yake ungeweza kuwahesabu kwa vidole. Kwa hiyo tuliimba hivi: yeye alisimama mbele, akatoa mstari, akanyamaza, na sisi tukaurudia vile vile alivyoutoa. Akitoa kipande kirefu, twaimba kirefu. Akitoa kifupi, twaimba kifupi. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumsahihisha.

Nayasema haya kwanza kwa sababu ni kanisani nilikojua kwamba kifua chake kimeingia kitu. Nilijua kabla yeye mwenyewe hajakubali, na kabla mganga wala daktari hajamgusa.

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara zilitengenezwa, uwanja wa ndege ukapanuliwa, na kokoto ikawa yatakiwa kila siku. Mashini ya kuvunja mawe iliwekwa nje kidogo ya Changamwe, ikila mawe mchana kutwa. Si mawe yetu haya ya matumbawe, ambayo ukiyapiga shoka yakatika kama muhogo mkavu. Haya yaliletwa na gari la moshi kutoka vilima vya njia ya Mazeras, jiwe gumu la chembechembe, ukilisugua kwa kidole lakukwaruza. Mume wangu alikuwa mdomoni. Ndivyo wenyewe walivyoiita kazi ile, kuwa mdomoni: kusimama juu ya mdomo wa mashini na kuulisha mawe. Mawe yalishuka chini, vumbi likapanda juu, na aliyekuwa juu ni yeye.

Tulipewa chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, tukiziita landi. Jioni wanaume wa mashini walirudi weupe tangu nywele hadi kope. Jirani yangu, mke wa mtu wa reli, akiwaona mbali huniambia, "Mwenzangu, Mzungu wako yuaja, mtilie chai."

"Mtilie wewe," namjibu. "Mimi wangu aoga kwanza."

Tulicheka. Nguo zake nilizikung'uta mlangoni kabla ya kuzifua, maana mke asiyekung'uta nguo za mumewe alionekana mvivu. Vumbi lile lilikuwa laini kuliko unga wa ngano. Lilikaa hewani muda mrefu baada ya mimi kumaliza, nami nikilipita huku na huku nikifanya kazi zangu, sikulijali.

Kulikuwa na wimbo wenye mstari mrefu: Twauvuka mto huu kwa mkono wake Bwana. Aliupenda kwa sababu aliweza kuutoa wote kwa pumzi moja, na wengi wetu tukashindwa kuurudisha bila kukatika. Ulikuwa mchezo wake na sisi. Jumapili moja baada ya masika akatoa hivi: Twauvuka mto huu. Akanyamaza. Tukajibu. Kisha: kwa mkono wake Bwana. Tukajibu. Hakuna aliyegeuka. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, mtoto mapajani, nami nikakunja vidole viwili.

Njiani nikamwambia, "Leo umeukata wimbo."

"Nimeukata wapi?"

"Mtoni."

"Nimewahurumia wazee. Mstari ule ni mrefu mno."

"Wazee wamekuomba?"

"We mwanamke, ulikuwa waimba au wapima kitambaa?"

Nikamhamisha mtoto bega jingine. Lakini toka siku ile sikusali tena katika kanisa lile. Nilikwenda, nilipiga magoti, nilifumba macho, na kumbe nilikuwa nikihesabu tu.

Kikohozi kilikuja taratibu. Kilikuwa kikavu, cha asubuhi, kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi. Nilimpa asali na ndimu. Jirani akaniambia mafuta ya nazi yaoshea vumbi chini, nikampa kijiko kila asubuhi hata akawa akiona kijiko anageuza uso. Kisha nikachana leso yangu nzee kipande, nikamwambia akiloweshe maji ajifunge puani na mdomoni awapo kazini. Jioni akarudi nacho mfukoni, kikavu, kimekunjwa vizuri.

"Mbona hukujifunga?"

"Nilijifunga. Wakaniita bi arusi. Wakawa waimba, bi arusi yuaja, mfunueni uso. Nyapara naye akapiga kigelegele."

"Nawe ukafanyaje?"

"Nikaufunua."

Nilikasirika siku ile kuliko nilivyowahi kukasirika. Nikamwambia kama wataka kufa kwa ajili ya kigelegele cha nyapara, basi afe mmoja, usiniue na mimi kwa hofu. Akasema nakuza mambo. Akasema vumbi ni vumbi, huingia na hutoka. Tangu hapo kitambaa kilikaa juu ya msumari, nami nikikipita kila siku nikitaka kukisema, nikijizuia.

Miezi ikapita. Mstari ule ukawa vipande vitatu, tena si pale ambapo maneno yenyewe yapumzika, bali pale pumzi yake ilipoishia. Twauvuka mto. Huu kwa mkono. Wake Bwana. Na kanisa zima likaimba hivyo hivyo, kwa moyo, maana ndivyo tulivyopewa. Watoto waliozaliwa karibuni waliujua hivyo tangu mwanzo. Nyimbo nyingine nazo zikakatika, na ibada ikawa ndefu. Wanawake walinung'unika wakitoka, "Siku hizi wimbo mmoja tu, wali waungua." Walisema kwa mzaha, wakinitazama nami nicheke. Nilicheka.

Mwalimu wa kanisa alikuwa mtu mwema, ila alikuwa mkali kwa tembo la mnazi kuliko dhambi nyingine yoyote. Jioni moja akaja kwetu, akakaa juu ya kigoda, mume wangu akiwa kitandani amejinyoosha.

"Shikamoo, mwalimu," nikamwambia.

"Marahaba, mama. Nimekuja kwa neno zito." Akamgeukia mume wangu. "Ndugu, mtu anywaye tembo, pumzi yake hukatika. Nimewaona wengi. Nawe nyimbo zako zakatika."

"Sinywi, mwalimu."

"Wote husema hawanywi."

Nikamwambia, "Mwalimu, mnuse."

"Naam?"

"Mnuse. Si umekuja kwa neno la tembo? Inama umnuse."

Akaona haya, lakini akainama. Na pale alipoweka uso wake karibu, mume wangu akashikwa na kikohozi, akamkoholea puani. Mwalimu akaruka nyuma, akatoa leso akajifuta mdomo, akaendelea kujifuta hata pasipokuwa na kitu. Alipoaga alinivuta nje ya mlango akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hicho si tembo. Hicho chaweza kuwa kifua kikuu."

Katika landi neno lile lilikuwa baya kuliko wizi. Mtu akisemwa ana kifua kikuu, kikombe chake kilitengwa, watoto wake walifukuzwa uani, na nyapara alimwondoa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana mume wangu hakutaka kusikia habari ya hospitali. Nilimsihi wiki tatu. Mwisho nikaacha kusihi, nikamwambia mimi ndiye mgonjwa, tumbo lanikata, na mwanamke hawezi kwenda peke yake. Akaomba ruhusa nusu siku. Tukavuka maji kwa miguu kwa njia ya Makupa mpaka kisiwani Mvita, mimi nikijishika tumbo kila nilipokumbuka.

Daktari hakuwapo. Alikuwapo dresa, yule afungaye vidonda na kugawa dawa, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni.

"Waumwa wapi, mama?"

"Hapa," nikasema, nikaweka kidole changu juu ya kifua cha mume wangu.

Dresa akatutazama mmoja mmoja. Mume wangu akainuka atoke. Dresa akamwambia, "Kaa, bwana. Hata mimi wangu hunileta hivi hivi." Akamvua shati, akamsikiliza mgongoni muda mrefu, akamuuliza kazi yake, akamtaka ateme makohozi ndani ya kikopo. Tukaambiwa turudi baada ya wiki.

Wiki ile sikulala vizuri wala sikula vizuri. Nilianza kutenga kikombe chake bila kumwambia, kisha nikaona aibu nikakichanganya na vingine, kisha nikakitenga tena.

Tuliporudi dresa alisema, "Hana kifua kikuu."

Mume wangu akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Dresa alikuwa bado asema. Alisema neno "lakini", kisha habari ya mawe, na nakumbuka mdomo wake ukienda, ila sisi tulikuwa tumeshafika mlangoni. Tuliogopa kitu kimoja tu, na kitu hicho hakikuwapo. Ulimwenguni kulikuwa na ugonjwa gani mwingine wa kifua? Sisi hatukuujua. Nilichinja kuku. Nilipeleka bakuli kwa jirani, na bakuli jingine kwa mwalimu ili ajue. Kesho yake mume wangu alirudi mdomoni akitembea kama mtu aliyeshinda kesi, na mimi, nisiyependa kujisifu kwa upumbavu, nilimsindikiza hadi mwisho wa landi nikiwa na furaha.

Jumapili iliyofuata mwalimu alitangaza kwamba ndugu yetu atashukuru kwa kuponywa. Mume wangu akasimama mbele kwa shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe, akachagua wimbo ule ule.

Twauvuka, akasema. Tukajibu. Mto huu. Tukajibu. Kwa mkono. Tukajibu, na mimi vidole vyangu vilikuwa vimeshajikunja vitatu. Kisha akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Nilimwona shingo ikijaa mishipa. Nilimwona bega lapanda. Kanisa likangoja.

Kila mtu mle ndani aliyajua maneno mawili yaliyobaki. Hata watoto waliyajua. Lakini tulizoea kupokea alichotoa, na alipotupa kimya, tukapokea kimya. Hakuna aliyemsaidia. Mimi mkewe niliyekuwa nikihesabu mwaka mzima, sikumsaidia pia. Nilikaa nimebana midomo, nikimngoja kama wengine, mpaka mwalimu aliposema tuombe.

Jumatatu nilikwenda peke yangu kwa dresa.

"Siku ile ulikuwa wasema nini?" nikamuuliza. "Habari ya mawe."

Akavua miwani. "Nilisema si kifua kikuu, ni vumbi la jiwe. Nimewaona wa namna hiyo waliorudi kutoka machimbo ya dhahabu huko bara. Lile jiwe gumu, unga wake huingia ndani ukakaa. Nyama ya pafu hushikana nao ikawa ngumu kama kovu."

"Dawa yake?"

"Haipo."

"Sindano je?"

"Mama, jiwe halipigwi sindano."

"Mafuta ya nazi?"

"Mafuta yaenda tumboni. Vumbi liko kwingine."

"Basi huyu atakufa."

"Lililoingia limeingia," akasema. "Lililo nje bado laweza kubaki nje. Akiondoka sasa, huenda akaishi na pumzi hii aliyo nayo. Akikaa pale, itazidi kupungua, na siku akiona imekwisha, nisije nikakuona hapa waniuliza sindano." Hakulisema kwa ubaya. Nilishukuru kwamba hakunipaka asali.

Nilimweleza mume wangu neno kwa neno. Alisikiliza akitazama miguu yake.

"Na chumba?" akauliza. Maana chumba kilikuwa cha kazi. Ukiacha kazi, umeacha chumba.

"Shangazi yangu ana shamba Magogoni. Kuna kibanda."

"Mwanamume hahamii kwa shangazi wa mkewe. Tena nyapara ameniahidi kunitoa mdomoni. Ataniweka kwenye kazi ya kuchota maji."

"Ameahidi lini?"

"Tangu masika."

"Masika ipi?"

Akainamia tena miguu yake. Nikaona kwamba yeye aogopa, na mtu aogopaye hukaa pale pale alipo kwa sababu angalau papo apajua. Nami niliogopa vile vile, ila mimi hofu hunipa miguu.

Jumamosi kazi iliisha saa saba mchana. Saa nne asubuhi nilikwenda kwa nyapara, nikamkuta chini ya kibanda chake cha mabati, mtu wa Mvita, kofia ya kiua imekaa sawa, na meza yake imefunikwa vumbi hata kikombe chake cha kahawa kilikuwa na kifuniko.

"Bwana nyapara, mume wangu asema utamtoa mdomoni."

"Inshallah, mama."

"Lini?"

"Inshallah karibuni."

"Inshallah ya mwezi huu au ya siku ya kiyama?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nikwambie kweli, mama. Mume wako ndiye peke yake asiyenisumbua. Wengine nikiwaweka pale hawamalizi miezi mitatu."

"Kwani wafa?"

"Wallahi hawafi. Wakimbia."

"Basi na sisi twakimbia." Nikauweka ufunguo wa chumba juu ya meza yake.

Akautazama. "Mume wako ajua?"

"Atajua akirudi."

"Ufunguo huu ni wa mume wako, mama, si wako."

"Ufunguo ni wa mlango, na huo mlango nimekwisha kuufunga. Vyombo viko nje."

Ndivyo vilivyokuwa. Kitanda, sanduku, sufuria, mkeka na debe la maji, vyote uani mbele ya watu, na ndugu mmoja wa kanisani ametuazima mkokoteni. Mume wangu alipofika mweupe kwa vumbi alisimama mbele ya kitanda chake juani, akakitazama kana kwamba ni cha marehemu.

"Umenifukuza kazi," akasema.

"Ndiyo."

"Bila kuniuliza."

"Nimekuuliza mwaka mzima."

Akakaa kitandani pale pale. Landi nzima ilikuwa milangoni. "Watu watasema nini?"

"Watasema mkeo mkali. Wamekwisha kusema. Oga twende."

Jirani yangu akaleta maji bila kusema mzaha. Nilimwogesha mwenyewe kichwa, na maji yaliyotoka yalikuwa kama chokaa.

Tulikwenda polepole. Mimi nilisukuma mkokoteni, yeye alishika upande, mtoto juu ya mkeka. Tulipita kisiwani mpaka daraja la kuelea la Nyali, lile lililokuwa likitikisika chini ya miguu yako ukadhani umelewa. Katikati ya daraja akasimama, akashika kamba ya ukingo, akapumua kwa mdomo wazi. Watu walitupita. Niliuzuia mkokoteni usirudi nyuma. Kisha akasema, akitazama maji, "Wajua kwamba naogopa?"

"Najua."

"Tangu lini wajua?"

"Tangu kabla yako."

Akatikisa kichwa, tukasukuma tena.

Hakupona. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu hupenda nimalize kwa kupona. Aliishi miaka tisa Magogoni, na pumzi ile ile aliyotoka nayo Changamwe, ikipungua kidogo wakati wa baridi. Hakupanda mnazi wala hakushika jembe. Alijifunza kusuka makuti, kazi ya kukaa, na mikono yake ilikuwa hodari. Walikuja watu wa kanisa la huko wakataka awaanzishie nyimbo. Akawaambia watafute mwenye kitabu. Tulisikia kwamba mdomoni pale waliwekwa watu wawili baada yake, mmoja alikimbia, na wa pili hatukupata habari zake.

Miaka tisa yote ile, mtu akisema nami, ilibidi aseme mara mbili, maana sikio langu moja halikuwa kwake. Nikipika lilikuwa nyuma ya nyumba. Nikifua lilikuwa nyuma ya nyumba. Mchana mmoja mume wangu alikuwa huko nyuma akisuka, na kuti likaacha kukwaruza. Nikaweka chini mwiko. Nilikwenda mpaka pembeni mwa ukuta, nikasimama.

"Wasikiliza nini?" akauliza bila kugeuka.

"Wewe."

"Napumua."

"Basi endelea."

Akavuta kuti jingine akaanza kulisuka, nami nikasimama pale kidogo zaidi kuliko ilivyokuwa lazima, mpaka nikasikia sufuria yafurika.